Bibi anayelea wajukuu hayumo kwenye orodha ya kaya maskini: nianzie wapi kumsaidia?

Binti Heru

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Ninaishi katika kijiji kimoja wilayani Kasulu. Ninaomba ushauri kuhusu bibi jirani yangu, ambaye kwa hesabu yake mwenyewe amevuka miaka 70, na ambaye analea wajukuu wanne tangu binti yake alipofariki. Anaishi kwa vibarua vya kupalilia maharage katika mashamba ya watu, na siku ambayo mgongo unamkatalia, watoto wale hulala na uji wa muhogo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), unaozipa kaya maskini ruzuku ya fedha, upo kijijini kwetu, lakini yeye hayumo, kwa kuwa kaya zilipokuwa zinatambuliwa alikuwa mjini akimuuguza binti yake, na waliohudhuria mkutano hawakumtaja.

Juzi alinikabidhi mfuko wa nailoni anaouhifadhi chini ya godoro. Nilikuta kadi za kliniki za wajukuu wawili, kadi yake ya mpiga kura iliyochakaa pembeni, na karatasi za hospitali za marehemu. Hakuna cheti cha kuzaliwa hata kimoja, wala namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Jina la ukoo kwenye kadi moja ya kliniki limeandikwa kwa R na kwenye nyingine kwa L.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba kuna mtu amemfuata akitaka shilingi 20,000 ili amwingize kwenye mpango, na bibi alikuwa tayari kumuuza mbuzi wake. Nimemzuia, ila sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha. Naombeni mnielekeze.

Mtendaji Mstaafu, Urambo

Marahaba, binti yangu. Umefanya vyema kumzuia, na mweleze bibi kwamba hakuna mtu mwenye uwezo wa kuuza nafasi hiyo. Kaya hutajwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano wa hadhara, kisha hutembelewa na kujaziwa dodoso kuhusu makazi, idadi ya watu na mali waliyo nayo, na baadaye orodha hurudishwa mkutanoni ili wananchi waithibitishe. Anayedai fedha ni tapeli, na jina lake lifikishwe kwa mwenyekiti wa kijiji kabla hajaifikia nyumba nyingine.

Ugumu ni kwamba utambuzi haufanyiki kila siku, na asiyekuwepo siku ile hukaa nje muda mrefu. Kwa hiyo andika barua kwa mtendaji wa kijiji, na nakala kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri yenu. Eleza bibi ni nani, analea watoto wangapi wa umri gani, na kwa nini hakuwepo siku ya mkutano. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi. Peleka nakala mbili na uombe moja igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, kisha uirudishe katika ule mfuko wa nailoni. Nimekaa katika kiti kile miaka mingi, na ninakuambia kwa masikitiko kwamba malalamiko ya mdomo huishia kwenye benchi la nje ya ofisi. Kisha, mkutano mkuu wa kijiji utakapoitishwa, nao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, nenda naye, na usimame useme mbele ya watu. Majirani hawakumtaja kwa sababu hawakumwona, si lazima iwe kwa chuki.

Wakati barua inasubiri, shughulikia NIDA. Usajili wa mara ya kwanza hautozwi ada. Kwa sasa laini ya simu husajiliwa kwa namba hiyo na alama za vidole, hivyo asiye nayo hawezi kuwa na laini yake mwenyewe, na malipo yakipitia simu atalazimika kutegemea simu ya mtu mwingine. Huko kwenu, kwa kuwa mnapakana na Burundi, maswali ya uraia huwa mengi na wazee huogopa. Msimpeleke peke yake. Mpate barua ya utambulisho, na mtafute watu wawili au watatu wa rika lake waliokua naye, wanaoweza kueleza wazazi wake walilima wapi na walizikwa wapi.

Nesi wa Zahanati

Naomba niongeze jambo moja ambalo halihitaji kusubiri TASAF. Kwa utaratibu wa msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hawapaswi kutozwa. Tatizo ni kwamba wazee wengi hufika dirishani bila karatasi yoyote, wanaulizwa uthibitisho, wanaona haya, wanarudi nyumbani na maumivu yao. Muombe mtendaji barua inayotaja umri wake na hali yake, mwende nayo kwa afisa ustawi wa jamii. Mgongo huo unaomkatalia nao uangaliwe, dada yangu, kwa sababu ndio unaolisha watoto wanne.

Zile kadi za kliniki zitunzeni sana, kwa kuwa zina tarehe za kuzaliwa na zitasaidia kuomba vyeti. Kama kuna mtoto aliyezaliwa kituoni, ulizeni pia kuhusu tangazo la kizazi, yaani karatasi ya kituo inayoonyesha kwamba mtoto alizaliwa hapo.

Mlezi wa Uvinza

Mimi ni mnufaika, kwa hiyo nazungumza ninayoyajua. Ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake inategemea masharti: wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa wahudhurie shule. Hakikisha wale wajukuu wote wenye umri wa kwenda shule wameandikishwa tangu sasa. Ada katika shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, ingawa daftari na sare bado ni mzigo wa mlezi. Ukimweleza mwalimu mkuu hali ya nyumba hiyo mapema, mtoto harudishwi kwa sababu ya shati.

Tena, huenda mtu akamshauri bibi aingie kwenye kikundi cha wanawake ili apate fungu la asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambalo wanawake hutengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Fedha hizo hazina riba, lakini ni mkopo, na kikundi kizima hudaiwa. Kwa umri wake nisingemshauri. Kikundi kidogo cha kuweka akiba pale kitongojini, cha kiasi anachokimudu, kitamfaa zaidi.

Binti Heru

Nawashukuru sana. Barua nimeiandika jana usiku, na leo asubuhi bibi ameweka dole gumba, mjumbe wa kitongoji akashuhudia. Mbuzi bado yupo. Limebaki swali moja kwa mzee wetu wa Urambo: jina la ukoo nitumie lenye R au lenye L?

Mtendaji Mstaafu, Urambo

Muulize bibi ukoo wake hulitamka vipi, kisha tazama kadi ya mpiga kura. Vikikubaliana, tumia hilo kila mahali kuanzia barua ya utambulisho, bila kubadili hata herufi moja. Ile kadi ya kliniki iliyokosewa msiifute wala msiiandike juu kwa kalamu. Pelekeni hivyo hivyo kliniki, wairekebishe wenyewe na kugonga muhuri.