Ujumbe ukishanifikia ni wangu, au bado ni wa aliyeuandika?

Karani wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, nadhani wengi mmeuona ule ujumbe wa WhatsApp wa mwenye nyumba kwa mpangaji wake. Kwa ambao haujawafikia: mwenye nyumba anapandisha kodi kutoka 150,000 hadi 200,000 kwa mwezi, anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na anamalizia kwa kuutukana ukoo mzima wa mpangaji. Katikati anamtaja mpangaji wa chumba cha uani, kwamba naye anadaiwa na kila siku anasingizia ugonjwa, na ugonjwa wenyewe kautaja kwa jina. Mpangaji kapiga skrinishoti, kauanika wote, na namba ya mwenye nyumba inasomeka pale juu.

Swali: sheria ikataze kabisa kuanika ujumbe binafsi bila ruhusa ya aliyeuandika, au mpokeaji aachwe huru? Mimi nasema ikataze. Ukimwandikia mtu, umemwandikia yeye, hukuandikia mtaa. Huu mtindo ni umbea wa uswahilini uliopata bando.

Kijana wa Tandale

Uswahilini tumeingiaje hapa? Matusi ya mwenye nyumba umeyaruka, ukaona uswahilini tu. Mail on Sunday ya London ilichapa barua ya Meghan Markle kwa baba yake mwaka 2019. Wale wahariri nao wanakaa Tandale?

Wakili Bila Joho

Kijana, huo mfano umempa mleta mada ushindi bila kujua. Gazeti lilishindwa. Barua Meghan aliiandika Agosti 2018, ina maneno kama 1,250, gazeti likachapa 585. Februari 2021 Mahakama Kuu ikampa ushindi bila hata kufika kwenye kuhoji mashahidi, na Desemba 2021 rufaa ikatupwa. Fidia ya faragha ilikuwa pauni 1, ya jina tu. Upande wa hatimiliki walilipa kiasi ambacho hakikutajwa.

Baba alikuwa nayo karatasi mkononi, na hakuna aliyesema aliiiba. Lakini kuwa na karatasi si kuwa na haki ya kuyachapa yaliyomo. Uingereza walishaamua hivyo tangu 1741, mshairi Alexander Pope alipomshitaki mchapaji Edmund Curll kwa kuchapa barua zake: mpokeaji ana karatasi, mwandishi ana maneno.

Binti Kisauni

Wakili mzima unasema "hatimiliki"! Hati miliki ni ya shamba, bwana. Unayoizungumzia ni hakimiliki. Hata sheria yenu ya Tanzania ya 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki.

Wakili Bila Joho

Dada, umeelewa au hukuelewa?

Binti Kisauni

Nimeelewa. Mteja wako ndiye atakayekwenda ofisi ya ardhi kudai barua yake.

Mzee wa Posta

Wanangu, mmemsahau mtu. Yule wa chumba cha uani hakuandika ujumbe na hakupokea. Ugonjwa wake sasa unajulikana mji mzima. Katiba ya Tanzania Ibara ya 16 inalinda maisha ya mtu binafsi pamoja na mawasiliano yake. Kati ya hao watatu ni yeye tu ambaye hakuchagua kuwemo.

Kijana wa Tandale

Mimi bado nasubiri jibu la uswahilini. Na kama kuanika barua ni umbea, basi barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, zile TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilizozitoa kitabu mwaka 2002, nazo ni umbea? Mpokeaji alizitunza miaka yote, leo tunasoma, tunajua mzee aliishi vipi, alihangaika vipi. Angezificha tungepata nini? Halafu mwandishi alifariki 1962, haki ilishakwisha.

Binti Kisauni

Hesabu, kaka. Hakimiliki ya maandishi, kwenu Tanzania na kwetu Kenya, ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, ikihesabiwa hadi mwisho wa mwaka. 1962 na 50 ni 2012. Mwaka 2002 haki bado ilikuwa ya warithi wa mwandishi. Kuzitunza barua ni jambo la kheri, ila hakukufanyi mrithi.

Na kwa Kenya usijiulize kama barua ni "kazi". Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inapoorodhesha kazi za fasihi inataja barua, ripoti na memoranda kwa majina. Ujumbe wa WhatsApp wa aya nne, aliouandika mtu kwa fikra zake na matusi yake, ni barua. "Sawa, nakuja" si kazi ya mtu yeyote, iandike hata mara mia.

Karani wa Zamu

Naona mnakubaliana nami. Na tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, imeshakataza skrinishoti. Tumalize.

Wakili Bila Joho

Haijakataza. Kifungu cha 16 ni cha taarifa za uongo au za kupotosha, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Skrinishoti ya ujumbe wa kweli si uongo. Unapojiingiza ni pale unapokata nusu. Mwenye nyumba kaandika "ukishindwa kulipa tutakaa tuzungumze", wewe ukakata ukaacha "ukishindwa kulipa". Kila herufi ni yake, na bado umepotosha.

Na usichanganye mambo. Kuingia kwenye simu ya mtu ukachota ujumbe ni kosa jingine kabisa, kifungu kingine. Mpangaji hakuingia popote, aliandikiwa yeye.

Kijana wa Tandale

Kwa hiyo anyamaze? Atukanwe ukoo, apandishiwe kodi, halafu matusi yana hatimiliki?

Binti Kisauni

HAKImiliki.

Wakili Bila Joho

Asinyamaze. Sheria hii inalinda maneno yalivyopangwa, habari hailindi. Anaruhusiwa kusema: "Mwenye nyumba amenipandishia kodi kwa 50,000, anataka ya miezi sita, na amewatukana wazazi wangu." Hapo hajanakili kitu. Kunukuu ndiko kwenye mtego. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, Ibara ya 10, unaruhusu nukuu kutoka kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma kihalali. Tanzania na Kenya zote zimo. Ujumbe wa siri haujatolewa kwa umma, kwa hiyo yule anayesema "nilinukuu tu" hana pa kusimama.

Tuwe wakweli lakini: mwenye nyumba gani ataenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kudai haki ya matusi yake? Atakayoiendea ni namba ya simu.

Binti Kisauni

Na hiyo namba ndiyo kesi nyepesi kuliko zote. Kwetu Ibara ya 31 ya Katiba inataja faragha ya mawasiliano waziwazi, kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watu hukimbilia kifungu cha 51 kwamba shughuli za kibinafsi au za nyumbani zimesamehewa. Zimesamehewa zikibaki nyumbani! Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya mhudumu wa kanisa kule Uswidi aliyeweka mtandaoni habari za wenzake, mmojawapo kwamba ameumia mguu. Mahakama ikasema kitu ulichowafungulia watu wasio na idadi si cha nyumbani tena. Haiwafungi majaji wetu, lakini hoja ni hiyo hiyo. Na msidhani Kamishna wa Data analala: mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya KSh 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Karani wa Zamu

Hiyo ni Kenya. Sisi hatuna.

Wakili Bila Joho

Tunayo, mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ipo. Imewalenga zaidi wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, kwa hiyo kumbana mpangaji mmoja ni kazi. Ukurasa wenye wafuasi laki tatu unaopokea skrinishoti za watu na kuzirusha kila siku ndio ungelala macho wazi.

Fundi wa Skrini

Nimekaa kimya nikisubiri mtu aguse upande wa simu, maana hapo ndipo mnapoharibu wote, wanaokataza na wanaoruhusu.

Kalamu ya kupaka rangi iliyo kwenye simu mara nyingi si nzito. Unapaka nyeusi, unaona imefunika, mwingine anaongeza mwanga wa picha, namba inatokea. Tumia umbo la mstatili lililojazwa rangi kamili, kisha piga skrinishoti ya ile picha uliyofunika na utume hiyo ya pili. Hiyo ya pili inasaidia pia kwenye kukata: mwaka 2023 iligundulika kwamba programu ya kuhariri skrinishoti kwenye simu za Pixel ilikuwa inaacha ndani ya faili sehemu ya picha ambayo mtu alidhani ameikata. PDF ndiyo mbaya zaidi. Kibox cheusi juu ya maandishi hakifuti maandishi. Mtu anachagua, ananakili, anabandika pembeni, anasoma.

Sehemu ambazo watu husahau: mstari wa arifa juu kabisa, unaoonyesha nani mwingine kakutumia nini wakati huo, picha ya wasifu, na kile kisanduku kidogo juu ya jibu chenye maneno ya mtu wa tatu anayejibiwa. Ukihamisha gumzo zima kama faili la maandishi, kila ambaye hujamhifadhi jina anatokea kwa namba kamili, kwenye kila mstari. Gumzo la kundi la watu 80 ni daftari la simu.

Halafu anayetaka ushahidi asifanye hata kimoja cha hivyo. Kwa ushahidi usifute, usikate, usipake. Acha gumzo kwenye simu yenyewe, zima ujumbe unaojifuta, fungua maelezo ya mtumaji ili namba ionekane na si jina ulilompa wewe, na hakikisha tarehe inasomeka, maana "Jana" haisemi jana ya lini.

Wakili Bila Joho

Fundi kamaliza. Niongeze: Tanzania ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18. Hakimu anaangalia ujumbe ulitengenezwa na kutunzwa vipi, kama haujaguswa, na mtumaji anatambulikaje. Kenya unahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichosainiwa na anayesimamia kifaa. Watu hufika na karatasi waliyochapa steshenari, bila simu na bila cheti, kisha wanashangaa. Na kumpelekea polisi, baraza au mahakama si kuanika, hakimiliki haikuzuii hapo.

Kijana wa Tandale

Baraza litakaa lini? Skrinishoti imefanya kazi kwa siku mbili. Kabla haijasambaa nani alijali kodi ya miezi sita?

Karani wa Zamu

Nikubali hapo kidogo. Labda si kukataza kabisa. Labda namba ifunikwe.

Mzee wa Posta

Namba, namba, namba! Mwenye nyumba kaandika kwa hiari yake, kadhalilika kwa maneno yake. Nauliza mara ya pili: wa chumba cha uani?

Fundi wa Skrini

Mzee, shikamoo. Nimeutazama tena. Kuna nakala mpya inazunguka tangu asubuhi, mtu kajitahidi kafunika namba vizuri, mstatili mzito. Mstari wa ugonjwa umebaki kama ulivyo.

Binti Kisauni

Yaa Rabbi. Na mpangaji akiufuta kwake leo, hizo nakala za watu ataziendea wapi?

Mzee wa Posta

Marahaba. Basi tuanzie hapahapa. Mleta mada, wewe mwenyewe umeandika pale juu kwamba ni mpangaji wa uani, na kwamba ni mgonjwa, na anayetaka jina la ugonjwa ataenda kuutafuta huo ujumbe. Ondoa hiyo sentensi, mwanangu.

Karani wa Zamu

Naiondoa sasa hivi, mzee.

Kijana wa Tandale

Ukiwa unahariri, ondoa na ile ya uswahilini.