Watu wa Dar tupunguze matumizi, au tunaonewa?

Kobe wa Ilala: Wakuu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 na hakuna aliyekufa. Kwa nini mengine tusijiongeze wenyewe? Simu ikipasuka kioo, mafundi wamejaa Kariakoo. Nguo zipo Karume. Na akina mama, sare mpya ya kitenge kila kicheni pati ya nini? Ya mwezi uliopita imeoza? Karibuni mchangie.

Mama Wawili: Mchango wa hoja au wa harusi? Nyie mkimaliza kreti baa hakuna anayewahesabia. Kitenge changu kikichoka kinakuwa gauni la mtoto, kisha dekio. Chupa zenu zinakuwa nini?

Mzaramo Halisi: Dada, chupa ya bia inarudi kiwandani, inaoshwa, inajazwa tena. Anayeharibu mazingira ni mnywa maji ya dukani. Tuheshimiane.

Jirani wa Msimbazi: Marufuku si ilikuwa 2017?

Kobe wa Ilala: Hiyo ya Kenya, mkuu. Yetu ilianza Juni 1, 2019.

Jirani wa Msimbazi: Haya, 2019. Karanga na ubuyu bado vinafungwa kwenye nini? Mvua za masika zikianza, Jangwani panafungwa, magari yanazungushwa. Nenda kaangalie kinachoelea pale, halafu urudi utuambie habari za vitenge.

Mpangaji Mbagala: Mimi chumba kimoja, sina friji, sina gari. Mafuta napimiwa, mkaa nanunua kwa kopo. Nguo zangu ameshazivaa Mzungu. Nipunguze nini, pumzi? Waanze wa Masaki.

Wa Masaki: Nipo. Nalala banda la uani kwa mjomba na kiyoyozi nakisikia tu kikiunguruma upande wa pili. Acheni kutupaka wote rangi moja.

Mpangaji Mbagala: Umeme wa mjomba unatumia, hutumii?

Kobe wa Ilala: Turudi kwenye mada. Huo mkaa wa kopo ndio balaa lenyewe. Serikali ina mkakati, hadi 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi.

Mpangaji Mbagala: Mtungi mdogo ninao, tena wa bure. Umekaa chini ya kitanda unasubiri wewe uje kuujaza.

Mama Wawili: Kobe bado hujanijibu. Mimi ni fundi cherehani. Sare mnazozidharau ndizo zinazolipa ada ya wanangu. Shughuli moja wanawake thelathini, miezi ya ndoa nalala saa nane usiku. Mkipunguza matumizi yenu, mimi nakula nini?

Mzaramo Halisi: Kumbe fundi! Nyie si ndio wa "njoo Ijumaa", mtu anaingia ukumbini na gauni la kuazima? Mke wangu alilia.

Mama Wawili: Alileta kitambaa lini? Jumatano jioni, sherehe Jumamosi, na kimepungua nusu mita. Anataka na mikono ya puto.

Wa Masaki: Mikono ya puto ipunguzwe kwanza. Hapo naunga mkono mada.

Kobe wa Ilala: Jamani, mada ni mazingira.

Mzaramo Halisi: Mkuu, subiri kwanza. Fundi, uko mtaa gani? Maelezo ya hiyo nusu mita nayataka ana kwa ana.

Mama Wawili: Njoo. Na salio la mke wako uje nalo.