Naomba ushauri: napiga picha za kuta Mikindani, sasa nimekwama

Kuta_na_Chokaa (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tangu mwezi wa saba nimejiingiza kwenye picha dhahania. Kwa asiyezijua: ni picha ambayo ukiitazama hujui hii ni nyumba au ni nini, unabaki na rangi, mistari na vivuli tu. Nina kamera ya mtumba na lenzi yake ile ya kawaida ya milimita 18-55. Jumamosi napanda daladala hadi Mikindani, napiga kuta za nyumba za zamani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuna mmoja rangi ya buluu imebanduka, chini yake chokaa nyeupe, chini tena wekundu kama wa udongo, na kwa pembeni kiganja cha mtoto, cheusi kama masizi. Huo nimeurudia mara nne.

Shida ni kwamba wenyeji wameanza kuniuliza maswali na nimebakiza kuta tatu. Nifanyeje wasinielewe vibaya? Halafu, lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ina ulazima?

fundi_lenzi
Makro achana nayo, 18-55 inatosha. Weka tundu la lenzi f/8, simamisha kamera iwe sambamba na ukuta, la sivyo upande mmoja utatoka na ukungu. Nenda saa kumi na moja jioni, tafuta ukuta ambao jua linaupiga kwa ubavu. Hapo kila punje ya chokaa ina kivuli chake. Mchana wa saa sita ukuta unakuwa bapa kama karatasi. Ukirudi nyumbani futa lenzi, upepo wa baharini una chumvi.

Mama Wawili Ligula
Mwanangu, kuta? Watu wameisha? Harusi yangu mimi mpiga picha alitukata vichwa wote, albamu nzima ni miguu na keki. Kumbe alikuwa dhahania, na mimi nikamnyima hela iliyobaki.

Mzee wa Newala
Hamna jipya hapo. Mwaka 1917 kule London, Alvin Langdon Coburn alifunga vioo vitatu mbele ya lenzi, picha zikatoka vipande vipande. Baadaye Mmarekani Aaron Siskind akahamia kwenye kuta hizo hizo, rangi iliyobanduka na mabango yaliyochanika. Lakini kabla hujafika mbali, kaangalie vinyago vya Wamakonde vile vya mtindo wa mawingu. Hakuna sura ya mtu wala mnyama, ni mpingo unapinda na kutoboka tu. Babu yangu alivichonga. Bibi kila akiona kipya anasema, "Umeshaharibu na huu."

MsakaKorosho
Mzee tumekusoma. Turudi kwa mleta mada. Maswali gani wanakuuliza? Mtu akipiga picha ukuta watu wanamcheka, hawamhoji.

Kuta_na_Chokaa
Wanauliza lini.

MsakaKorosho
Lini nini?

Kuta_na_Chokaa
Malipo.
Nahisi wamenichukulia mthamini. Mnajua mtu akionekana na kamera na daftari, anachungulia nyufa, watu wanawaza barabara, alama ya X, fidia. Mzee wa kwanza aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikacheka. Sikukubali, sikukataa.

Mama Wawili Ligula
Kwa mtu mzima kucheka ni kukubali, baba.

fundi_lenzi
Daftari la nini? Kamera yenyewe inahifadhi kila kitu kwenye faili ya picha, saa, kasi ya shata, tundu la lenzi, vyote.

Kuta_na_Chokaa
(baada ya saa mbili) Haya, niseme yote. Daftari lilikuwa la kuchora kivuli kinaangukia wapi saa ngapi. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Na mimi niandike." Ndiye aliyenitolea kigoda nipande nifikie juu ya mlango wake, ningemkatalia vipi? Nikaandika. Jirani akaja, na yeye nikamwandika. Leo hii yapo majina 23 na namba za simu. Juzi mtendaji wa mtaa kanipigia, Ijumaa baada ya swala nifike ofisini.

Ila sijala hata shilingi ya mtu. Madafu tu. Na nimeshaamua: nitachapisha picha, kila mwenye ukuta nimpe ya kwake. Dar nimeshalipia oda. Wakiziona wataelewa.

MsakaKorosho
Mtu anasubiri fidia, unampelekea picha ya ufa wake 😂😂
Mkuu usisubiri Ijumaa. Nenda kesho na daftari mkononi, nyumba hadi nyumba, waambie mimi ni muuza misumari napenda rangi za kuta zenu. Watakutukana, halafu basi.

Kuta_na_Chokaa
Nikienda kesho zile kuta tatu ndiyo nimezikosa. Si bora nizimalize Alhamisi, Ijumaa niseme yote kwa mkupuo?

Bint Mchinga
Yaani bado unawaza kuta! Lindi kwetu alipita mtu akaandika majina hivyo hivyo, mjomba akakopa bati dukani akitegemea hela inakuja. Deni alilipa kwa korosho za misimu miwili. Wewe madafu umekunywa, wao wamekula matumaini.

Ng'apa Boy
Chai hii, na sukari imezidi. Miezi mitatu mtu anaandika watu majina na hakuna aliyemuomba kitambulisho? Na mtendaji namba yako kaipata wapi? Weka picha hapa tuone.

Kuta_na_Chokaa
Namba nilimpa yule mama mwenyewe, aliiomba. Picha siwezi kuweka, watajulikana.

Ng'apa Boy
Si umesema ni picha ambayo mtu hajui ni kitu gani? Sasa atajulikana nani?

Kuta_na_Chokaa
Mwenye ukuta anaujua ukuta wake.

Mzee wa Newala
Hapo kajibu.

Ng'apa Boy
Hajajibu kitu, kakwepa. Nimekaa paleee nasubiri Ijumaa.

fundi_lenzi
Mleta mada, ukiacha hiyo shughuli, kamera unaiachia kwa ngapi?

dogo_mikindani
Naomba niseme. Kile kiganja ni cha mdogo wangu. Tulikuwa tunabangua korosho, mafuta ya maganda yakamganda mkononi akaegemea ukuta. Halitoki lile doa, limepakwa chokaa likarudi. Jina la kwanza kwenye daftari lako ni bibi yangu. Tangu mwezi wa nane kagoma ukuta usiguswe, anasema yule kijana akirudi akute kama alivyouandika.

Ng'apa Boy
Akaunti ina siku ngapi hii?

Kuta_na_Chokaa
Dogo, nifikishie shikamoo yangu. Kesho mchana nafunga duka, napita kwake kabla ya mtu mwingine yeyote. Kamera naiacha.

dogo_mikindani
Kasema marahaba, njoo. Na anauliza kile kigoda ni wewe uliyekivunja mguu?