Fundi kafunga amplifaya kichwa chini halafu ananiambia habari za POPO

Wakuu nimetoka kwake sasa hivi, nimepaki pembeni naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wa muziki wa magari, mnamjua, yule kila mtu humu anasema nenda kwake usihangaike. Mark X yangu kaifunga amplifaya ndani ya buti kwa juu, kwenye bati la chini ya shelfu la nyuma, mapezi ya kupozea yanatazama chini, halafu pembeni kaziba na kapeti eti ipendeze. Nikitoka Mbezi, kabla sijafika Ubungo taa ya kijani ya amplifaya imeshageuka nyekundu, muziki kimya, nabaki nasikiliza honi za daladala. Ukiigusa unaweza kukaangia chipsi mayai na kachumbari ikaiva.

Leo namuuliza kistaarabu, fundi joto si linapanda juu, sasa hapa linatokea wapi? Akacheka, mbele ya vijana wake na yule mama wa maandazi, akasema "bosi mbona popo analala hivyohivyo na haungui". Popo!! Hela nimelipa taslimu nikapewa popo. Mpaka mama wa maandazi kacheka.

Kibuyu: Popo ana mabawa mkuu, anajipepea. Amplifaya yako ina feni?

Mleta uzi: Haina, na nilimwambia, ndo akarudia tena popo

Waya_Mnene: Sabufa umeungaje? Mbili za ohm 4 ukiziunga sambamba ni ohm 2, na amplifaya nyingi ukizibriji, yaani ukiunganisha chaneli mbili ziwe moja, hazitaki chini ya 4. Hapo hata uifunge kwenye friji itazima. Halafu kama amplifaya ni ya aina ya class AB, umeme mwingi tu unaishia kuwa joto, tafuta class D

Mleta uzi: Kaka sijaja darasani, mtu kaniita popo mbele za watu

Kibuyu: Hajakuita popo, kaita amplifaya. Wewe ni pango 😂😂

Dada_Vitz: Wangu aliipigilia juu ya boksi la sabufa, besi ikipiga skrubu zinajifungua zenyewe, siku hiyo waya wa ethi ukachomoka niko darajani Kigamboni

Tozi: Afadhali nyie. Mimi alipitisha waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye buti bila fyuzi, namuuliza anasema fyuzi inapunguza besi

Waya_Mnene: Fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi, huyo alitaka kukuchoma

Mzee_Baba: Wangu alitoboa sakafu ya buti kutafuta pa skrubu akafika kwenye tangi. Mafuta full tank, nimejaza asubuhi hiyo hiyo

Mleta uzi: Poleni, ila turudi kwa popo

Dada_Vitz: Mzee baba ukafanyaje na hayo mafuta??

Mzee_Baba: Bodaboda wote wa kijiweni walikuja na madumu, nikawa kama nimefungua sheli

Tozi: Kwani kuna mtu anajua fundi wa AC asiye mwizi? Wangu kila nikienda gesi imeisha

Kibuyu: AC ya gari gani? Kama ni Passo fungua kioo