Hivi Umoja wa Ulaya sheria anatunga nani hasa?

Kidagaa: Wakuu habari zenu, kuna kitu kinanichanganya. Kila nikisikia habari za Umoja wa Ulaya ni mara Tume imesema, mara Bunge limepitisha, mara Baraza limekataa, na hayo mabaraza nahisi yako zaidi ya moja. Sasa mwenye kalamu ni nani?

mzee_wa_hoja: Chukua ishu ya chaja mkuu. Septemba 2021 Tume, ambayo ndo kama serikali ya Umoja, ilileta pendekezo simu zote zitumie tundu la chaja la aina moja, USB-C, maana karibu kwenye kila kitu Tume ndo yenye ruhusa ya kuleta muswada. Ila kuleta sio kupitisha, ukaenda kwa wabunge na kwa mawaziri wa nchi wanachama, wakavutana wee kila upande na marekebisho yake mpaka wakaelewana, Oktoba 2022 wabunge 602 wakasema ndio, 13 wakakataa, mwezi huohuo mawaziri nao wakapitisha. Simu mpya zikabanwa kuanzia Desemba 2024.

Tumbiri: Hayo mabaraza hata waandishi wa habari yanawapiga chenga. Linalopitisha sheria ni la mawaziri, na wanaokaa wanabadilika, mada ikiwa kilimo wanakuja wa kilimo. La marais na mawaziri wakuu linatoa mwelekeo tu. Halafu kuna lingine lipo Strasbourg lina nchi 46, lile la haki za binadamu, hilo wala sio la Umoja 😂

Kidagaa: Duh. Na nchi moja ikigoma je?

mzee_wa_hoja: Inategemea. Mambo mengi mawaziri wanapiga kura, zikitimia nchi 15 kati ya 27 na ziwe na 65% ya watu wote, limepita, anayegoma atajijua. Ila sera ya nje na kodi kwa kawaida lazima wote wakubali, ndo maana vikwazo dhidi ya nchi nyingine huwa vinakwama kwa sababu ya mmoja.

Tumbiri: Mi kinachonikera ni Bunge, limechaguliwa na wananchi lakini muswada haliwezi kuleta, linaishia kuiomba Tume.

mzee_wa_hoja: Hapo kweli, ila meno linayo. Bila kura yake Tume mpya haiingii ofisini, na linaweza kuitoa yote. 1999 Tume ya Jacques Santer ilipoona inaenda kung'olewa ikajiuzulu yenyewe, wote kwa mpigo.