Chanjo na fedha za homa ya ini Uganda: kaskazini kwanza, au kila kanda sawa?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Tujadili hili kwa takwimu, ukabila tuuache nje. Damu zilizopimwa katika utafiti wa kitaifa wa Uganda wa 2005 zilionyesha kwamba mtu 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 ana virusi vya homa ya ini B. Ukiivunja namba hiyo kwa kanda, unakuta kama nchi mbili: kaskazini-mashariki, yaani Karamoja na majirani zake wa Teso, 23.9%, kaskazini ya kati, kule Acholi na Lango, 20.7%, West Nile, kule Arua mpakani na Congo, 18.5%, kusini-magharibi, kule Mbarara na Kabale, 3.8%. Utafiti wa 2016–2017 ulileta 4.3% kwa watu wazima wa nchi nzima, wanaume 5.6 na wanawake 3.1. Namba ni ndogo, lakini kaskazini bado ilikuwa juu na kusini-magharibi chini kabisa.

Serikali ilipoanza kuchanja watu wazima bure mwaka 2015 ilianzia kaskazini, na kelele zikaanza hapo hapo: mbona sisi wengine tunanunua sindano? Msimamo wangu: walifanya sawa, na fungu linalofuata lianzie huko huko. Nipingeni.

Mchangiaji, Mbarara
Nakupinga mkuu. Asilimia inalevya. Chukua mfano tu: 2% ya watu milioni 5 ni laki moja, 4% ya watu milioni 1 ni elfu 40. Ukifuata asilimia utawaacha wagonjwa wengi Kampala na kandokando yake, wakiwemo hao hao wa kaskazini waliohamia mjini kulinda mageti na kuendesha bodaboda. Halafu na mimi nalipa kodi. Dada yangu alinunua dozi zote tatu kwa pesa yake.

Mchangiaji mwingine
Mbona hamsemi ukweli? Ugonjwa huu unapita kwenye ngono. Kanda yenye asilimia kubwa ijiulize tabia zake.

Muuguzi mstaafu, Soroti
Wewe mwanangu wa "tabia", tuanze na wewe. Ngono inaambukiza, ndiyo. Lakini mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili unavifukuza virusi wenyewe. Wanaobaki navyo hawafiki 5 kwa 100. Mtoto mchanga akivipata kwa mama yake, 90 kwa 100 hubaki navyo maisha. Hii ramani imechorwa na watoto. Walivipata wakati wa kuzaliwa, au kabla ya kuanza shule, kwa wembe mmoja wa chale uliopita migongo mitano, kwa vidonda, kwa kulala wamebanana. Kumbukeni pia wenzetu wa Acholi na Lango waliishi miaka mingi kwenye kambi za vita, vibanda vimegusana paa. Mtoto wa miaka mitatu ana tabia gani?

Na kampeni ile niliifanyia kazi, basi nisiisifu kupita kiasi. Sindano ya kwanza watu walijaa mpaka foleni ikazunguka mwembe. Ya pili, baada ya mwezi, walipungua. Ya tatu, mwezi wa sita, nilikuwa nafungua rejesta naona safu nzima ya mwisho nyeupe.

Mtu wa maabara
Mama amesema la maana, mimi naongeza lisilopendwa. Utafiti ule wa 2005 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima wameshakutana na kirusi hiki wakati fulani, wakiwemo vijana wengi wa miaka 15 hadi 19. Sasa, unapomchanja mtu mzima wa Moroto, kule Karamoja, bila kumpima, kuna uwezekano mkubwa unachanja mtu ambaye tayari anacho, au ameshakishinda. Chanjo haimtoi mtu virusi. Kwa hiyo kinyume na mleta mada: kadiri kanda inavyokuwa na maambukizi mengi ya utotoni, ndivyo sindano ya mtu mzima inavyozidi kuchelewa. Kaskazini kwanza, sawa. Ila ianze na vipimo na dawa.

Halafu acheni kuipa kampeni sifa ya kushuka kutoka 10 hadi 4.3. Chanjo ya watoto ilianza 2002. Aliyezaliwa mwaka huo alikuwa na miaka 14 au 15 wakati wa utafiti wa 2016–2017, na hesabu ya watu wazima ilianzia 15. Kampeni ya watu wazima nayo ilikuwa na mwaka mmoja tu. Mkitaka sababu ya kushuka, angalieni kwanza tafiti zenyewe: sampuli zilivyochaguliwa na vipimo vilivyotumika.

Mleta mada
Hapo mkuu umenibana. Lakini ukipima bila kuwa na dawa unamwacha mtu na hofu tu.

Mtu wa maabara
Dawa ipo. Tenofovir inayotumiwa na wenye VVU ndiyo inayozuia B. Tatizo huwa ni kipimo cha wingi wa virusi: sampuli inasafiri, na mtu anaambiwa arudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 umelegeza masharti, watu wengi zaidi waweze kuanza dawa hata pale ambapo kipimo hicho hakipatikani. Na wanaume, tafadhali. Wanawake hupimwa kliniki ya wajawazito. Mwanaume wa miaka 40 nani anampima? Wao ndio 5.6.

Mfanyabiashara, Arua
Mimi si wa afya, nauza nguo Ariwara, upande wa Congo, na kurudi. Nina B tangu 2017. Nimesikia kuna homa ya ini D. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kunitajia. Ni nini?

Mtu wa maabara
Ndugu, D ni kirusi kisichojitegemea. Bila B hakiwezi kuenea, kwa sababu kinaazima ganda la B. Kiligunduliwa Italia, matokeo yakatangazwa 1977. Mwenye B na D pamoja ini lake huharibika haraka zaidi, na tenofovir haikigusi D. Habari njema ni kwamba aliyechanjwa B amejikinga na vyote viwili.

Sasa rudi kwenye mada ya kanda. Uchambuzi wa 2017 wa tafiti za Afrika kusini mwa Sahara uliangalia watu wa kawaida wenye B: Afrika Magharibi waliokuwa na dalili za D kwenye damu ni 7.33%, Afrika ya Kati 25.64%, Mashariki na Kusini 0.05%. Wakubwa wakiona hiyo 0.05 wanasema D si yetu. Kosa lile lile la wastani! Kati ya Afrika ya Kati na Mashariki kuna mpaka tu, nawe unauvuka kila wiki ya soko. Mwongozo wa 2024 unataka kila mwenye B apimwe D; pesa isipotosha, basi waanze na waliokutwa na B West Nile, Kasese na Bundibugyo, zote mpakani na Congo. Ukienda kliniki waulize, usingoje wakutajie.

Mchangiaji, Doha
Mnachora ramani vizuri sana, ila mjue wanaoisoma. Kipimo cha B kimo kwenye vipimo vya afya vya wanaokuja kufanya kazi Ghuba. Rafiki yangu alipigiwa muhuri wa "hafai" bila hata neno la ushauri, akatoka na karatasi mkononi na deni la wakala. Mimi wakala aliniuliza kwanza nimezaliwa wilaya gani. Semeni kaskazini, kaskazini, halafu mwone nani atakodiwa chumba Kampala.

Mleta mada
Dada, nimekusikia. Lakini ramani ikifichwa, fedha zitafuata mwenye sauti kubwa, na Karamoja haina sauti hiyo.

Mchangiaji, Mbarara
Basi nasogea kidogo. Vipimo na dawa viende kaskazini kwanza, sipingi tena. Ila sindano ya ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa msiigawe kwa kanda. Mtoto wa Kabale ambaye mama yake ana virusi yuko hatarini sawa na wa Kotido, kule Karamoja, na ile ya wiki ya sita inamkuta ameshaambukizwa.

Muuguzi mstaafu, Soroti
Hapo tumepatana. Lakini ya saa 24 ikikaa wodini, anayejifungulia nyumbani Kotido hataiona. Chanjo ya B ikiwa peke yake huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, kinachoiharibu ni kugandishwa. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kutembea nayo mfukoni siku hiyo. Anachohitaji ni ruhusa ya kuchoma sindano, na posho. Wekeni hayo mawili kwenye bajeti, mimi nitawafundisha bure.