Sigara ya umeme haikati arosto, tatizo nini?

Dereva wa Chikongola
Wakuu salaam. Miaka 16 navuta sigara, paketi kwa siku. Nabeba korosho kwa lori, Newala hadi bandarini Mtwara. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka sita alikataa kukaa mapajani mwangu, "baba unanuka moshi." Liliniuma mno. Mdogo wangu wa Dar akaniletea sigara ya umeme. Sasa navuta toka Newala, moshi umejaa kabini mpaka kioo hakionekani, lakini nikifika Nanyamba mikono inatetemeka. Nanunua sigara ya dukani, pafu tatu tu, kichwa kinatulia. Kwa nini?

Dada wa Famasi
Pole kaka, na hongera kwa kumsikiliza mtoto. Wingi wa ule mvuke usikudanganye, sehemu kubwa ni gliserini, hii hii tunayopaka mwilini. Sigara ya kuchoma inafikisha nikotini, kile kilevi chenyewe unachokisikia arosto, kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na moja inakuachia mwilini kama miligramu 1 hivi. Sasa hayo maji ya nikotini unayojaza kwenye sigara ya umeme, chupa yake imeandikwa namba gani?

Dereva wa Chikongola
Nimeshuka kuangalia. 3.

Dada wa Famasi
Basi ndiyo hapo. Ni miligramu 3 za nikotini kwa mililita. Kwa mtu wa paketi nzima haitoshi kabisa. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2019, watu 886 waliotaka kuacha. Waliopewa sigara za umeme walianzishiwa maji ya 18, na wiki za mwanzo walikuwa na mshauri. Baada ya mwaka, 18% walikuwa wameacha sigara. Waliotumia vibandiko, bazoka za nikotini na kadhalika, karibu 10%.

Fundi Boti Lindi
Na uvutaji wenyewe, mkuu. Sigara unaivuta haraka haraka. Hii ivute taratibu, sekunde tatu nne. Zipo za chumvi ya nikotini, hazikwaruzi koo hata zikiwa kali, zinapanda upesi. Ila zinanasa vilevile. Mimi sigara niliacha, mashine huu mwaka wa pili iko mfukoni. Halafu hiyo chupa mtoto asiifikie, akinywa ni sumu.

Dereva wa Chikongola
Ilikuwa mezani sebuleni! Nimeshaipandisha juu ya kabati. Mdogo wangu nimempigia anitafutie ya 18. Ikifika nitaondoka nayo Newala, nione Nanyamba napitaje.